Gladiator, CR.42 au I-153: uanze na ndege ipi ya mabawa pacha?

Ukitaja ndege za Vita Kuu ya Pili, wengi hukumbuka Spitfire, Messerschmitt au Zero, ndege za chuma zenye bawa moja kila upande. Lakini vita ilipoanza mwaka 1939, na ilipofika Afrika Mashariki katikati ya 1940, marubani wengi bado walipigana kwa ndege za mabawa pacha, bawa juu ya bawa, mifupa ya bomba la chuma au mbao iliyofunikwa kitambaa kilichopakwa vanishi. Anayetaka kuzifahamu hukutana na majina matatu yanayojirudia: Gloster Gladiator ya Uingereza, Fiat CR.42 Falco ya Italia, na Polikarpov I-153 ya Muungano wa Kisovieti.

Mwalimu anayetafuta mada ya darasa hawezi kuzifundisha zote tatu kwa kipindi kimoja. Anayejenga ndege za plastiki atanunua boksi moja kwanza, kwa kuwa bei zake si mchezo. Na anayetaka kukifuata kikosi kimoja mwanzo hadi mwisho atahitaji miezi ya kusoma. Mshika mawili moja humponyoka, basi tuzilinganishe ili kila mmoja ajue pa kuanzia.

Hawker Fury nimeiacha nje, ingawa marubani wa Afrika Kusini walikuja nayo Kenya mwaka 1940. Ni ndege ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, na haikupigana sana kiasi cha kutosha ulinganisho huu.

Vipimo

Kila ndege nimeipima kwa mambo matano. Kwanza mashine yenyewe: injini, silaha, kasi, na kile alichopewa au kunyimwa rubani. Pili, ilipigania wapi na ilifanyaje. Tatu, watu wake, na hapa sisemi marubani peke yao, kwa sababu ndege ya kitambaa isiyo na fundi wa injini na fundi wa silaha haipiti wiki moja vitani. Nne, vyanzo, makumbusho na ugumu wa kuijenga mezani. Mwisho, inamfaa nani.

Kipimo cha tatu nimekipa uzito kuliko vingine. Tofauti za kasi kati ya ndege hizi ni ndogo. Maisha ya watu waliozitumia yalitofautiana sana.

Gloster Gladiator

*Mashine.* Mbunifu wake ni Henry Folland wa kampuni ya Gloster. Iliruka mara ya kwanza Septemba 1934 na kuingia kazini mwanzoni mwa 1937. Ndiyo ndege ya mwisho ya kivita ya mabawa pacha katika Jeshi la Anga la Uingereza, na ya kwanza katika jeshi hilo kumpa rubani wa kivita chumba kilichofunikwa kwa kioo. Injini ya Bristol Mercury ilikuwa na nguvu ya farasi zipatazo 840, na kasi yake ilizidi kilomita 400 kwa saa kwa kiasi kidogo tu. Ilibeba bunduki nne za rashasha za Browning za milimita 7.7: mbili ubavuni mwa kiwiliwili zikipiga katikati ya mapanga ya pangaboi, mbili chini ya mabawa ya chini. Magurudumu hayakukunjwa. Redio ya mawasiliano ilikuwamo, na jambo hilo lilikuwa na uzito kuliko linavyoonekana.

*Mapigano.* Gladiator ilipigana Norway, Malta, Libya, Ugiriki, Sudan, Eritrea na Aden. Zaidi ya 700 ziliundwa, na nchi nyingi ndogo zilizinunua, kuanzia Finland hadi China. Tarehe 8 Agosti 1940, Gladiator 14 za Kikosi namba 80 ziliwavizia Waitaliano 16 wa CR.42 karibu na Gabr Saleh, Libya. Waingereza walipoteza ndege mbili, Waitaliano walipoteza zaidi. Injini zilikuwa na nguvu karibu sawa. Waingereza waliweza kupangana hewani kwa sauti, Waitaliano walitegemea ishara za mkono na kutikisa mabawa.

Ila asikudanganye mtu kwamba Gladiator ilishinda kila mahali. Novemba 1940 huko Gallabat, mpakani mwa Sudan na Ethiopia, Gladiator zilipanda moja moja au mbili mbili kuilinda brigedi ya Kihindi iliyoongozwa na William Slim. CR.42 zikaja kwa kundi na kuziangusha kadhaa ndani ya siku moja. Hapo redio haikusaidia, kwa sababu hapakuwa na wenzao hewani wa kuwaita.

*Watu.* Hapa ndipo Gladiator ina utajiri wake, na kisa cha kuanzia ni ziwa Lesjaskog, Norway. Tarehe 24 Aprili 1940, Gladiator 18 za Kikosi namba 263 ziliruka kutoka manowari ya kubeba ndege Glorious na kutua juu ya ziwa lililoganda. Wakazi wa jirani walikuwa wamesafisha theluji kutengeneza njia ya kurukia. Usiku ule baridi ikagandisha kabureta na nyenzo za usukani. Mikokoteni ya betri za kuwashia injini ilifika, lakini asidi ya betri haikufika, basi haikuwa na kazi. Na kwa ndege zote 18, yaani bunduki 72, alikuwapo fundi wa silaha mmoja tu mwenye mafunzo. Fikiria mikono ya mtu huyo: vidole vimekufa ganzi, mikanda ya risasi ni baridi ya kuunguza, na kulipokucha Wajerumani walikuwa tayari juu wakidondosha mabomu. Ndege nyingi ziliteketea siku hiyo zikiwa zimeegeshwa barafuni.

Kikosi hichohicho kilirudi Norway kaskazini mwezi uliofuata na kupigana vizuri zaidi. Walipoamriwa kuondoka, marubani walizitua Gladiator zao juu ya Glorious. Tarehe 8 Juni manowari za Kijerumani Scharnhorst na Gneisenau ziliizamisha, na pamoja na manowari mbili zilizoisindikiza walikufa watu zaidi ya 1,500. Kamanda wa kikosi, John Donaldson, alikuwa miongoni mwao.

Malta nayo ina kisa chake. Sea Gladiator chache za jeshi la majini zilizoachwa kwenye masanduku ziliunganishwa na kukabidhiwa marubani wa kujitolea, wengi wao hawakuwa marubani wa kivita. George Burges, aliyezoea ndege kubwa za majini, alikuwa msaidizi wa kamanda wa anga kisiwani; Juni 1940 akajikuta akiwafukuza washambuliaji wa Kiitaliano. Majina Faith, Hope na Charity waliyopewa ndege hizo yalienea baadaye, lakini kazi ya mafundi waliobandika, kushona na kubadilishana vipuri usiku ili asubuhi ndege mbili au tatu ziweze kuruka ilikuwa ya kweli tangu siku ya kwanza.

Yupo pia Marmaduke Pattle, mzaliwa wa Butterworth, Afrika Kusini, anayehesabiwa ushindi upatao 15 akiwa na Gladiator kabla ya kuhamia Hurricane, ndege ya bawa moja, na kuuawa Ugiriki Aprili 1941. Na kwa msomaji wa Dar es Salaam kuna Roald Dahl. Alikuwa mfanyakazi kijana wa Shell mjini humo. Vita ilipotangazwa alipewa askari wa King's African Rifles awaongoze kuwakamata Wajerumani waliokuwa wakitoroka, kisha akaendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga, ambako alijifunza kuruka kwa Tiger Moth, ndege ya mafunzo. Septemba 1940 alipewa Gladiator aipeleke kwa Kikosi namba 80 katika jangwa la Misri, ndege ambayo hakuwahi kufundishwa kupigania. Jioni ikamkuta hajakiona kiwanja, mafuta yakawa yanakwisha, akajaribu kutua mchangani na kuanguka. Fuvu lilipasuka na akakaa wiki kadhaa haoni. Hakuna risasi hata moja ya adui iliyompata. Kisa hiki kinaeleza mafunzo ya haraka ya wakati wa vita kuliko jedwali lolote.

*Vyanzo, makumbusho na boksi.* Daftari za kila siku za vikosi vya Uingereza zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Taifa huko Kew, London, chini ya fungu AIR 27, na nyingi hupatikana mtandaoni kwa malipo. Kiwiliwili cha Faith kipo Valletta, Malta. Shuttleworth Collection huko Old Warden wanayo Gladiator inayoruka. Boksi la Airfix la kipimo cha 1/72 (ndege halisi ikipunguzwa mara 72) ni rahisi kupata, lakini ndege ina nyaya nyingi kati ya mabawa, na anayeanza atazichukia. Unaweza kuijenga bila nyaya, ila kwa macho yangu Gladiator isiyo na nyaya inaonekana uchi.

*Inamfaa nani.* Msomaji wa Kiingereza, mwalimu, na yeyote anayetaka ndege moja iliyogusa mabara matatu.

Fiat CR.42 Falco

*Mashine.* Celestino Rosatelli aliibuni, na iliruka mara ya kwanza tarehe 23 Mei 1938, wakati mataifa mengine yalishaanza kuachana na mabawa pacha. Wakubwa wa jeshi la anga la Italia walikuwa wametoka vita ya Hispania wakiamini kwamba rubani hodari katika ndege nyepesi kugeuka atamshinda mwenye kasi. Ndiyo maana CR.42 ikaendelea kuundwa hadi katikati ya vita, takribani 1,800, kuliko ndege nyingine yoyote ya kivita ya Italia. Injini ya Fiat A.74 ilikuwa na nguvu ya farasi 840, sawasawa na ya Gladiator, na kasi yake ilizidi kidogo. Mabawa yalishikwa kwa nguzo imara zilizopangwa kama herufi W, bila msitu wa nyaya. Bunduki zilikuwa mbili tu, lakini kubwa za milimita 12.7 (baadhi za mwanzo zilichanganya moja ya 12.7 na moja ya 7.7). Chumba cha rubani kilikuwa wazi, kama marubani wenyewe walivyopenda, na kwa kawaida hakikuwa na redio.

*Mapigano.* Ufaransa, Malta, Libya, Ugiriki, na hata Uingereza kwenyewe: tarehe 11 Novemba 1940 CR.42 zilisindikiza washambuliaji kutoka Ubelgiji, zikakutana na Hurricane na kupata hasara. Rubani wa chumba wazi juu ya Bahari ya Kaskazini mwezi Novemba anahitaji kuhurumiwa kabla ya kuhukumiwa. Afrika Mashariki mambo yalikuwa tofauti. Mwanzoni CR.42 ndizo zilizotawala anga la Eritrea na mpaka wa Sudan, na Waingereza walilijua hilo kwa uchungu.

*Watu.* Mario Visintini, mzaliwa wa Parenzo, Istria, wa kikosi cha 412a, anahesabiwa ushindi 16 au 17 katika Afrika Mashariki, zaidi ya rubani mwingine yeyote wa ndege za mabawa pacha katika vita hiyo. Kwa maoni yangu hesabu hiyo si ndiyo inayomweleza vizuri. Desemba 1940, baada ya kushambulia kiwanja cha Gaz Regeb nchini Sudan, ndege ya kapteni wake, Antonio Raffi, ilipigwa ikabidi atue katika eneo la adui. Visintini akatua kando yake, wakabanana wawili kwenye chumba cha mtu mmoja, wakaruka. Tarehe 11 Februari 1941 alitoka tena kuwatafuta wenzake waliopotea katika hali mbaya ya hewa, akagonga mlima Bizen ulio mashariki ya Asmara. Mdogo wake Licio, mpiga mbizi wa jeshi la majini, alikufa Gibraltar Desemba 1942.

Nyuma ya marubani kuna mafundi ambao historia imewataja kidogo. Uingereza ilishika Mfereji wa Suez, hivyo Afrika Mashariki ya Kiitaliano ilikatwa: hakuna meli, hakuna matairi, hakuna vipuri. Njia iliyobaki ilikuwa ndege kubwa ya mizigo aina ya SM.82, iliyobeba CR.42 tumboni ikiwa imefunguliwa vipande, ikavuka anga la adui kutoka Libya. Mafundi wa upande wa pili waliishusha, wakaiunganisha, wakaipima na kumpa rubani. Kila CR.42 iliyoanguka ilikuwa hasara isiyozibika kirahisi, na kila iliyoharibika ilichinjwa kupata vipuri vya nyingine.

Vita ya anga ya Ethiopia ilikwisha karibu na Gondar. Tarehe 24 Oktoba 1941, CR.42 ya Ildebrando Malavolta, moja kati ya mbili tatu zilizobaki, ilikutana na Gladiator ya Luteni Hope wa Afrika Kusini na kuangushwa. Hope baadaye alidondosha ujumbe kwenye ngome za Waitaliano kumsifu rubani wa Fiat kwa ushujaa wake. Mwezi uliofuata Gondar ilisalimu amri kwa jeshi lililokuwa na askari wengi wa King's African Rifles, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Wengine katika jeshi hilohilo walizingirwa Moyale Julai 1940 na kuondoka usiku. Wazee wetu waliozungumza habari za ndege za Mtaliano walizungumza juu ya vita hii.

*Vyanzo, makumbusho na boksi.* Hapa kuna mlima wa kupanda: sehemu kubwa ya maandishi ni ya Kiitaliano, na madai ya ushindi ya pande mbili mara nyingi hayalingani, hivyo itakubidi usome za kwao na za Waingereza pamoja. Mfano bora wa kuona upo Makumbusho ya RAF huko Hendon, London: ndege ya Pietro Salvadori, aliyetua ufukweni Orford Ness siku ileile ya 11 Novemba 1940 baada ya bomba la mafuta ya injini kupasuka. Nyingine ipo Linköping, Sweden. Kwa mjenzi wa plastiki hii ndiyo rahisi kati ya tatu, kwa sababu nguzo za W zinajishika zenyewe na hakuna kazi ya nyaya. Kinachohitaji subira ni rangi: mabaka ya kijani na kahawia juu ya rangi ya mchanga yanataka mkono mtulivu.

*Inamfaa nani.* Anayetaka historia ya pembe ya Afrika kwa upande usiosimuliwa sana kwetu, na mjenzi anayejaribu mabawa pacha kwa mara ya kwanza.

Polikarpov I-153

*Mashine.* Kwa maumbile ndiyo ya kisasa kuliko zote. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1938 kutoka ofisi ya Nikolai Polikarpov. Magurudumu yalikunjwa, injini ya M-62 ilifikia nguvu ya farasi 1,000, kasi ilifika kilomita 440 kwa saa au karibu na hapo, na bunduki nne za ShKAS za milimita 7.62 zilitema risasi kwa kasi kubwa mno. Bawa la juu lilipinda kwenye bega kama la shakwe, na Warusi waliiita Chaika, jina la ndege huyo. Ziliundwa zaidi ya 3,400.

Lakini ilikuwa na kasoro mbaya. Hapakuwa na ukuta wa kuzuia moto kati ya tangi la mafuta na rubani, na upepo ulioingia kwenye matundu ya magurudumu ulivuta miali moja kwa moja hadi chumbani. Tangi likipigwa, rubani alikuwa na sekunde chache tu. M-62 nayo ilichakaa haraka na kuwapa mafundi kazi isiyoisha.

*Mapigano.* Vita yake ya kwanza ilikuwa Khalkhin Gol, Mongolia, katikati ya 1939, dhidi ya Wajapani. Inasimuliwa kwamba marubani waliruka magurudumu yakiwa chini ili Wajapani wadhani ni aina ya zamani, kisha wakayakunja wakageuka kupigana. Hila haidumu, na Ki-27 ya Kijapani ilibaki mpinzani mgumu. Baadaye ilipigana Finland, na tarehe 22 Juni 1941 Wajerumani waliziteketeza nyingi zikiwa viwanjani. Zilizosalia zilitumika kushambulia majeshi ya nchi kavu, na upande wa Baltiki zilitetea Leningrad.

*Watu.* Sergei Gritsevets aliongoza marubani wa I-153 huko Mongolia. Kabla ya hapo, Juni 1939, akiwa na I-16, ndege ya bawa moja, alitua nyuma ya mistari ya Wajapani na kumchukua kamanda wake, Vyacheslav Zabaluev, katika chumba cha mtu mmoja. Ni tendo lile lile la Visintini, mwaka mmoja na nusu kabla yake, katika jeshi la itikadi nyingine kabisa. Gritsevets alikufa Septemba 1939 kwa ajali kiwanjani, kabla ya kuiona vita kubwa.

*Vyanzo, makumbusho na boksi.* Bila Kirusi utategemea tafsiri, na hilo ni kikwazo cha kweli. Miaka ya 1990 ndege tatu zilifufuliwa hadi kuruka tena kwa juhudi za mkusanyaji wa New Zealand, jambo lililowapa mafundi wa leo nafasi ya kuelewa jinsi zilivyoundwa. ICM ya Ukraine wanatoa boksi zake kwa vipimo vya 1/72, 1/48 na 1/32. Nyaya zipo, ila chache kuliko za Gladiator.

*Inamfaa nani.* Mpenda uhandisi anayetaka kuona wazo la mabawa pacha likisukumwa hadi mwisho wake, na msomaji wa vita za Asia.

Kuchagua kwa hali yako

Ukiwa mwalimu wa sekondari Tanzania, Kenya au Uganda mwenye kipindi kimoja, chukua Gladiator na CR.42 kwa pamoja lakini kwa uwanja mmoja tu: mpaka wa Sudan na Eritrea, kuanzia Juni 1940 hadi Februari 1941. Ramani moja inatosha.

Ukiwa na hamu ya maisha ya mafundi zaidi ya marubani, anza na Lesjaskog kwa upande wa Gladiator, halafu safari za SM.82 kwa upande wa CR.42.

Ukiwa mjenzi wa mara ya kwanza, CR.42. Ukishazoea na una uzi mwembamba na subira, Gladiator. Ukipenda ndege isiyofanana na nyingine rafuni, I-153.

Ukitaka kufuata kikosi kimoja kwa hati za asili na unasoma Kiingereza tu, Kikosi namba 80 au 263 vitakutosha kwa muda mrefu. Omba AIR 27 ya kikosi kimoja, mwezi mmoja, usome jina kwa jina kabla hujanunua ya mwezi wa pili.

Na ikiwa unasoma Kiitaliano au Kirusi hata kwa shida, usiende kwenye Gladiator kwanza. Wasomaji wa Kiingereza wameshaifanyia kazi sana. CR.42 ya Eritrea na I-153 ya Mongolia bado hazina hata makala moja ndefu ya Kiswahili ninayoijua, na hapo ndipo kazi yako itakuwa na thamani kubwa zaidi kwa wasomaji wetu.